Jibu kwa kufuata jua na mzigo: ninavyokiendesha kikasha cha imeili kutoka Mwanza

Mimi ni mtu wa nyaraka za mauzo ya nje kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Minofu mibichi huondoka kwa ndege, iliyogandishwa hushuka hadi bandari ya Dar es Salaam ndani ya kontena la baridi, na mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yana wanunuzi wake Hong Kong. Kila mzigo una ankara, orodha ya vifungashio, cheti cha afya na hati ya usafirishaji, na kila karatasi ina watu kadhaa wanaoiulizia kwa wakati mmoja. Ninayoeleza hapa nimeyapata kwenye samaki, lakini hata karani wa benki au mhasibu wa shule anaweza kuyachukua na kubadilisha majina tu.

Jambo la kwanza hufanyika kabla hujafungua imeili. Chukua daftari, andika mizigo ya leo na saa ambayo kila mmoja lazima uwe umekamilika. Kwangu ni saa ya gari la baridi kutoka kiwandani. Kwako inaweza kuwa saa ya kufunga zabuni au ya kupeleka mishahara. Ukianza na kikasha, watu wengine wameshakupangia siku. Imeili iliyo juu kabisa iko hapo kwa sababu ni ya mwisho kufika, basi, wala haina ubora mwingine. Ukishakuwa na daftari pembeni, kila imeili unaiuliza swali moja: kuna mzigo gani unaosubiri neno langu, na unaondoka saa ngapi? Isiyo na mzigo itangoja, hata kama aliyeiandika ameweka alama tatu za mshangao.

Halafu fuata jua. Hili ndilo lililoniokolea muda kuliko programu yoyote. Hong Kong wako mbele yetu kwa saa 5. Ninapokaa mezani saa 2 asubuhi, kwao ni saa 7 mchana, na ikifika saa 7 mchana hapa, wao wanafunga ofisi. Kwa hiyo watu wa mabondo hujibiwa kwanza, kabla hata ya chai. Ulaya ni kinyume. Wakati wa kiangazi chao, Uholanzi na Hispania wako nyuma yetu kwa saa 1. Wakati wa baridi, saa 2. Wanabadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na siku hizo mbili ziweke kwenye kalenda yako sasa hivi, maana mikutano ya mtandaoni huhama bila kuaga. Maana yake ni kwamba anayeingia ofisini kwao saa 3 asubuhi ataanza kukuandikia saa 4 au saa 5 ya hapa. Kati ya kumalizana na Hong Kong na kuamka kwa Ulaya pana kipande kitulivu. Zima milio yote na ufanye kazi nzito hapo: kuhakiki uzito wa maboksi dhidi ya ankara, kuandika ripoti, chochote kinachotaka akili nzima.

Ubaya wa Ulaya huja jioni. Wanapofunga wao, hapa ni saa 12 jioni au saa 1 usiku, na wapo wanaodhani na wewe bado umekaa hapohapo. Mimi baada ya saa 11 jioni naandika jibu lakini napanga litumwe kesho asubuhi. Gmail na Outlook zote zinaruhusu kupanga saa ya kutuma. Mteja akizoea kujibiwa saa 3 usiku, hiyo ndiyo itakuwa saa yako ya kazi. Mzigo unaoruka usiku huohuo ni habari nyingine, na wenye shida hiyo wana namba yangu ya simu.

Sasa mada ya imeili. Waombe unaofanya nao kazi waandike namba ya mzigo, kinachotakiwa na mwisho wake kwenye mada yenyewe, kwa mfano: “Mzigo 118, cheti cha afya, kabla ya 11:00 Jumatano.” Tumia saa 24 katika maandishi. Kwenye simu sema saa 5 asubuhi kama kawaida yetu, ila ukiiandika “saa 5” kwa mtu wa Madrid umejitafutia kesi. Namba ikishakuwa kwenye mada, tengeneza kichujio: kwenye Gmail bonyeza alama iliyo mwisho wa kisanduku cha kutafutia, jaza namba, kisha chagua iwekewe lebo. Matangazo na taarifa za mifumo ziamuru ziruke kikasha kabisa, uzipitie ukipenda. Outlook ina kitu hichohicho kwa jina la kanuni.

Nakala (CC) nazo zina ugonjwa wake. Ofisini kwetu watu huweka nakala kwa mabosi watatu kwa ajili ya kujikinga, si kwa sababu mabosi wanahitaji kujua. Imeili ambazo wewe ni nakala tu zipe lebo yake na uzisome mara moja mchana. Ya bosi wako usiichuje hata kidogo. Heshima ina faida zake.

Maagizo ya WhatsApp yanakiliwe kwenye daftari papo hapo, au mjibu mtu: “Shikamoo mzee, naomba unitumie na kwa imeili.” Hakuna atakayekasirika ukianza na shikamoo.

Kuhusu kalenda, pitia upya muda uliouzoea. Zamani kwenda Sengerema au Geita tulifuta siku nzima kwa sababu ya foleni ya kivuko pale Kigongo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, lakini bado naona wenzangu wameandika “Geita, siku nzima.” Safari ni safari, weka muda wa barabara, ila nusu ya siku hiyo ni yako uirudishe. Na usipange kikao cha mjini saa 4 na kingine Nyegezi saa 4 na nusu kana kwamba daladala haisimami.

Umeme ukikatika, programu ya imeili kwenye simu hushikilia ulichoandika na kukituma mtandao ukirudi. Vyeti vya siku hiyo vipakue kwenye simu mapema. Kumbuka pia Gmail ya kawaida hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi MB 25, kwa hiyo picha za maboksi zipunguze ukubwa kwanza.

Usafishaji ufanye Jumamosi, mara moja kwa mwezi inatosha. Nafasi ya bure ya Gmail ni GB 15, na inagawana na picha na mafaili yako mengine. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia larger:10M older_than:1y, na imeili nzito zenye zaidi ya mwaka zitajipanga mbele yako. Vyeti na ankara hamishia kwenye diski ya ofisi kwanza, hakikisha vinafunguka, ndipo ufute.