Kupunguza Matumizi ya Umeme Nyumbani, Kuanzia Kwenye Jokofu

Kabla ya kununua kifaa chochote kipya, soma mita ya umeme unapokwenda kulala na uisome tena unapoamka, kwa sababu tofauti utakayoiona ndiyo umeme unaotumika wakati nyumba nzima imelala.

Mara nyingi sehemu kubwa ya umeme huo huliwa na jokofu. Fungia kipande cha karatasi kwenye mlango wake, kisha ukivute taratibu: kikitoka bila kukwama, mpira umelegea na hewa ya joto inaingia, hivyo kompresa, yaani mota inayozalisha ubaridi, hulazimika kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Usikimbilie kuubadilisha mpira huo kabla ya kuufuta kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, maana huenda kinachouzuia kushika ni uchafu tu. Joto la ndani liwe kati ya nyuzi 3 na 5 za Selsiasi; baridi zaidi ya hapo ni hasara.

Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, na pale umeme unapozalishwa kwa makaa ya mawe, kila uniti iliyookolewa hupunguza pia hewa ukaa.

Ikiwa unatumia kiyoyozi au hita, mianya ya madirisha pia hupoteza umeme; ili kuigundua, zima feni na upitishe udi unaofuka pembezoni mwa madirisha; moshi ukiyumba, ziba hapo. Matundu ya hewa ya jikoni penye moto wa gesi au mkaa, hata hivyo, usiyaguse kamwe, kwani kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokanayo na moto huo, huua bila kutoa harufu.