Padri, mchungaji, askofu: utamwitaje kwa Kijapani bila kujiaibisha

Kuna siku nilimwita mchungaji mmoja "shinpu-san" mbele ya mke wake na watoto wake watatu. Jamaa akacheka, mkewe akacheka zaidi, mi nikabaki natabasamu tu bila kujua nimekosea wapi. Kumbe shinpu (神父) ni padri, na mchungaji wa Kiprotestanti ni bokushi (牧師). Hili la pili sisi tulitakiwa kulishika haraka kuliko mtu yeyote, maana hiyo 牧 ndo ile ile ya machungani na 師 ni mwalimu, yaani mchungaji kabisaa.

Kwa hiyo kabla hujagusa kamusi, ulizia kwanza huyo mtu ni wa dini gani na dhehebu gani. Neno la kuwafunika wote lipo, seishokusha (聖職者), ila hilo ni la kuandikia habari, humsalimii mtu hivyo.

Tuanze na padri. Kwa Wakatoliki cheo chenyewe ni shisai (司祭), shinpu ni la kumwitia na la mazungumzo. Waorthodoksi nao husema shinpu na mapadri wao wengine wana wake, kwa hiyo usitumie ndoa kama kipimo kama nilivyotaka kufanya mimi baada ya ile aibu. Waanglikana tumia shisai, tena Japani wana makasisi wanawake tangu 1998, na kumwita mama wa watu shinpu wakati herufi ya pili ni 父, baba, haiji. Bokushi haina shida hiyo, mwanamume au mwanamke ni hilo hilo. Ukiwa unaongea naye uso kwa uso sema "bokushi-sensei" au jina lake ukiweka sensei (mwalimu) mwishoni, inatosha.

Afu angalia simu yako. Ukiandika しんぷ inaweza kukuletea 新婦, ambayo inasomeka shinpu vile vile ila maana yake ni bibi harusi. Sasa fikiria ratiba ya harusi kanisani imeandikwa kwamba mahubiri yanatolewa na bibi harusi.

Penye mtego zaidi ni askofu. Sisi tuna neno moja, wao wanayo matatu. Mkatoliki ni shikyō (司教), Mwanglikana na Mworthodoksi ni shukyō (主教), na baadhi ya Wamethodisti na Walutheri husema kantoku (監督), ambalo mtaani ndo kocha wa besiboli au mwongozaji wa filamu, kwa hiyo usishtuke ukilikuta kanisani. Hilo shukyō usilivute mwanzoni, ukisema shūkyō umesema "dini". Askofu mkuu unaongeza dai (大, yaani kubwa) mbele: daishikyō kwa Wakatoliki, daishukyō kwa Waanglikana. Desmond Tutu alikuwa Mwanglikana, so yeye ni daishukyō, ukimwandika daishikyō umemhamisha kanisa.

Papa je? Andika kyōkō (教皇). Maaskofu Wakatoliki wa Japani waliamua hivyo 1981 wakati Yohane Paulo II alipotembelea, kwa sababu herufi ya kufundisha, 教, inaeleza kazi ya papa vizuri kuliko lile neno jingine, hōō (法王), lakini serikali na vyombo vya habari wakaendelea na hōō lao miaka na miaka mpaka Novemba 2019, Papa Fransisko alipokwenda, ndo serikali ikabadilisha. Ukisoma makala za zamani utalikuta hōō kila mahali, siyo kosa la chapa. Na usilifute kichwani, Dalai Lama bado anaitwa hōō.

Hekaluni kwa Wabudha na kwenye jinja, yaani mahali pa ibada pa Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, watu huchanganya sana. Ukiona lango la torii hapo ni Shinto, mhudumu wake ni kannushi (神主) na mkuu wa pale ni gūji (宮司). Mtawa wa Kibudha ni obōsan, kwa lugha rasmi sōryo (僧侶), na mkuu wa hekalu ni jūshoku (住職). Lipo pia 和尚, la kumwitia mtawa, ila kila dhehebu la Kibudha lina usomaji wake: Wazen husoma oshō, Watendai kashō, Washingon wajō, herufi zile zile! Mi hapo huwa sijisumbui, nasema "go-jūshoku" naendelea na maisha.

Imamu ni rahisi, imāmu (イマーム) kwa katakana, zile herufi za kuandikia maneno ya kigeni, na rabi wa Kiyahudi ni rabi hivyo hivyo. Wanazuoni wakubwa wa Iran magazeti huwawekea 師, inayosomeka shi, baada ya jina, mfano Homeini-shi kwa Khomeini. Shehe halina neno moja la kulingana nalo, angalia anafanya nini: kama ndiye anayeswalisha, muite imāmu.

La mwisho ni nabii. Linatamkwa yogensha lakini yapo mawili: 預言者 ni aliyekabidhiwa neno la Mungu, huyo ndo Musa na Mtume Muhammad, na 予言者 ni mtabiri, yule wa kukwambia mwakani kutatokea nini. Ukiandika よげんしゃ yote mawili yanakuja kwenye orodha, tena yamepangana juu na chini, kwa hiyo usibonyeze la kwanza kabla hujatazama herufi ya mwanzo.