Kupima parasetamoli kwenye mkojo: chemsha kila neli

Kazi hii inaanzia kwenye dumu. Kabla hajameza vidonge vyake viwili vya miligramu 500, mwombe mtu akojoe na mkojo huo uuweke kando. Ndio mkojo usio na dawa. Kuanzia hapo, kwa saa 24, kila tone liingie kwenye dumu, hata la usiku wa manane. Pima ujazo wote, uandike, tikisa, ndipo uchote sampuli. Nimeona wanafunzi wakichota kwanza na kumwaga dumu, na siku nzima ikapotea.

Parasetamoli inayotoka ikiwa haijabadilika ni kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 5. Zaidi ya nusu ini limeshaifunga na asidi itokanayo na sukari ikawa glukuronidi, na karibu theluthi limeifunga na salfa ikawa salfeti. Kitendanishi chetu cha kutoa rangi, othokresoli, hakizioni hizo. Kinaona para-aminofenoli tu, kipande kinachobaki asidi ya moto inapovunja parasetamoli na hizo zilizofungwa, na ndiyo maana tunachemsha.

Tia mililita 1 ya mkojo na 4 za asidi haidrokloriki ya 4 M (moli 4 kwa lita). Funika mdomo wa neli kwa gololi ya kioo ili mvuke urudi ndani, uiache kwenye maji yanayochemka saa nzima. Ikipoa, ongeza maji hadi mililita 10. Chukua 1 ya mchanganyiko huo, weka 10 za othokresoli ya asilimia 1, kisha 4 za amonia ya 2 M. Othokresoli inaunguza ngozi: glavu, na kabati la kuvuta hewa. Bluu inapanda taratibu. Subiri nusu saa, usome ukali wa rangi kwa spektrofotomita (kipima mwanga) kwenye nanomita 620.

Neli za kulinganishia, zenye parasetamoli kuanzia 0 hadi miligramu 1 kwa mililita, zitengeneze kwa ule mkojo usio na dawa, nazo zichemke vilevile. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilizitoa moja kwa moja kwenye rafu bila kuzichemsha. Za mkojo zilikuwa bluu kama wino, zangu zikabaki kama maji ya kunywa.

Ukisoma miligramu 0.6 kwa mililita na dumu lilikuwa na mililita 1,500, hizo ni 900 kati ya 1,000 alizomeza.

Ukitaka kila kimetaboliti (umbo ambalo mwili umeigeuzia dawa) peke yake, tumia kromatografia ya kimiminiko, inayotenganisha vitu kwa kuvipitisha kwenye safu, hapa ya C18 isiyopenda maji, usome kwenye nanomita 254. Glukuronidi inapenda maji, hivyo hutangulia kutoka. Usiisome kwa mstari wa grafu uliochorwa kwa parasetamoli: miligramu 327 za glukuronidi zimebeba 151 tu za dawa.