Samadi sio chakula cha sato, acheni kumwaga gunia zima bwawani

Wafugaji wa sato jamani, hii ya kumwaga gunia zima la mbolea ya kuku bwawani kwa siku moja mtaiacha lini? Samaki wakielea alfajiri mtu anamshuku jirani kamwekea sumu, kumbe ni samadi yake mwenyewe.

Samadi ikiingia majini, wa kwanza kuila ni bakteria. Wanaivunjavunja, kaboni inatoka kama hewa ukaa, virutubisho vinabaki kwenye maji, alafu vile vijimea vidogo sana vinavyoyapa maji ukijani vinachukua hewa ukaa hiyo na mwanga wa jua vinajitengenezea chakula, vidudu vya majini vinavila na sato anakula vyote viwili. Kila hatua kaboni nyingi inaishia kwenye kupumua, inayopanda kwa mlaji ni kama sehemu moja ya kumi tu, ndo maana sato anayekula ukijani moja kwa moja analipa. Ukizidisha samadi, bakteria wanamaliza oksijeni, na usiku ule ukijani nao unapumua bila kutoa chochote, saa 11 alfajiri samaki hana hewa.

Kipimo ni gramu 50 za mbolea KAVU kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Bwawa la mita za mraba 300 ni kilo 15, sio magunia, na hizo kilo 15 unazigawa mara mbili au tatu ndani ya wiki. Nimesema kavu! Kinyesi kibichi cha ng'ombe sehemu kubwa ni maji, ukikipima hivyohivyo hesabu yote imeharibika, na wale wa "nakadiria kwa macho" sijui niwaambie nini. Iweke kwenye uzio wa fito konani mwa bwawa, usiitawanye.

Kabla hujaongeza pima maji, saa 5 mpaka saa 8 mchana jua likiwa kali. Funga kisahani cheupe kwenye kamba yenye alama za sentimita, kishushe mpaka kisionekane. 25 mpaka 30 ni sawa, endelea na kipimo chako. Chini ya 20 simamisha mbolea, ikizidi 40 ongeza kidogo. Maji ya tope usiyapime hivi, utakuwa unapima udongo. Mawingu yakikaa siku kadhaa usiweke kitu.

Ikienda vizuri maji ni kijani na samaki wachangamfu, basi.

Ukiwakuta wanahema juu ya maji asubuhi, usiwape chakula, toa samadi iliyobaki kwenye uzio, punguza maji ya chini na uingize mapya yakidondoka kutoka juu.