Kutengeneza shoo ya wavu ya gari nyumbani, hatua kwa hatua

Jumamosi iliyopita nilishinda uani kwa shemeji yangu, Tabata, tukiibadilisha shoo ya RAV4 yake, ile tunayoiita Kilitime, iwe ya wavu. Shoo ni ile fremu ya mbele ya gari yenye mbavu, inayopitisha hewa kwenda kwenye rejeta. Shoo ya kwanza niliyowahi kutengeneza ilikuwa ya gari langu mwenyewe. Ilinichukua wikiendi tatu na mwisho wake nikanunua kondensa mpya ya AC, ile inayokaa mbele ya rejeta kupoza gesi ya AC. Hii ya shemeji ilikwisha kwa siku mbili, na siku ya pili tulikuwa tunasubiri rangi ikauke tu. Kilichonigharimu mara ile ya kwanza ni namna nilivyoushika wavu kwenye fremu, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa sana.

Jambo moja kabla ya kuanza. Toyota nyingi za miaka ya karibuni, zenye mfumo wa kufunga breki zenyewe, zina rada nyuma ya nembo ya mbele. Wavu wa chuma ukipita mbele ya rada hiyo, mfumo hauoni tena. Gari la namna hiyo liachie nembo na eneo lake kama vilivyotoka kiwandani.

Hatua ya 1: Tafuta shoo ya pili

Usikate shoo iliyo kwenye gari. Nenda Gerezani, kule Dar wanakouza vipuri vya magari, utafute iliyotumika, hata kama mbavu zake zimevunjika, maana utazikata hizo hizo. Angalia masikio yote ya kufungia yako mazima. Shoo yako ya asili ifunge kwenye gazeti uiweke ndani. Siku ya kuuza gari utaihitaji.

Hatua ya 2: Wavu

Chukua wavu wa alumini wa matundu ya almasi, ule uliochanwa na kuvutwa kutoka kwenye bati moja. Hauna nyuzi za kufumuka, haushiki kutu nyekundu, na unapindika kwa mkono. Wavu wa kuku ni laini mno, jiwe moja tu unabonyea. Wavu wa mbu usiuweke kabisa. Matundu yake madogo yanaziba kwa wadudu na tope, na safari moja ya usiku inatosha kuyaziba.

Hewa ina hesabu yake. Wavu wa nyaya zenye unene wa milimita 1 na matundu ya mraba ya milimita 4 unaacha wazi kama asilimia 64 ya eneo. Matundu yakiwa ya milimita 10, unaacha wazi kama asilimia 83. Kwa joto letu na foleni zetu, mimi sishuki chini ya milimita 10.

Hatua ya 3: Toa shoo, kata mbavu

Fungua boneti, toa skrubu na klipu, vuta taratibu. Klipu za plastiki za miaka ishirini ni kavu, kwa hiyo fanya kazi hii mchana gari likiwa limepigwa jua.

Mbavu za ile shoo ya pili zikate kwa jino la msumeno wa chuma. Grinda inayeyusha plastiki badala ya kuikata, halafu utashinda ukikwangua mabaki. Kabla ya kukata ubavu wowote, geuza shoo uone nyuma yake umeshikilia nini, kwa sababu baadhi ya masikio yameota kwenye mbavu na siyo kwenye fremu. Acha pia ubavu mmoja wa katikati, vinginevyo fremu inalegea na haitarudi kwenye matundu yake. Ukipaka rangi nyeusi hauonekani.

Hatua ya 4: Kata wavu

Tengeneza kielelezo kwa boksi gumu, kiwe kikubwa kuliko tundu kwa sentimita 2 kila upande. Kata wavu kwa mkasi wa bati, na uvae glovu.

Zingatia upande. Nyuzi za wavu huu zimelala kidogo kama vibao vya dirisha la luva. Ukiutazama kutoka juu unaona giza, ukiugeuza unaona mwanga. Kama shoo yako ina vipande viwili, kushoto na kulia, na kimoja umekigeuza, gari litaonekana kama lina wavu wa aina mbili. Bandika tepu yenye mshale kwenye wavu kabla hujakata chochote.

Hatua ya 5: Rangi

Msasa namba 320, sabuni, kausha, prima ya alumini (rangi ya chini ya kushikisha), kisha rangi nyeusi isiyong'aa. Puliza nyembamba mara tatu, kila mara kutoka pembe tofauti. Iache hadi kesho yake.

Hatua ya 6: Kufunga wavu

Mara ya kwanza nilitumia gundi ya bunduki, ile inayoyeyushwa kwa umeme. Asubuhi ilishika vizuri sana. Nikasafiri kwenda Morogoro, na joto la mbele ya rejeta likailainisha. Nilipofika Chalinze wavu ulikuwa umeachia upande mmoja na unasugua kondensa. Mapezi ya kondensa ni alumini nyembamba na mirija yake ina gesi yenye presha. Haikuchukua muda kutoboka.

Nikahamia gundi ya epoksi. Ilikauka ikawa ngumu kama jiwe, halafu ikabanduka nzima nzima kama ganda la yai. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma nyuma ya plastiki. Kuna herufi ndogo zimechapwa pale, zinaonyesha aina ya plastiki. Zikiwa ABS, epoksi itashika ukiikwangua plastiki kwanza kwa msasa. Zikiwa PP, epoksi ya kawaida haishiki, hata ukwangue vipi. Shoo nyingi ni ABS, bampa nyingi ni PP, lakini soma kwanza. Silikoni inayonuka siki nayo iache, asidi yake inakula chuma. Tai za plastiki zitumie kwa kujaribia tu.

Siku hizi siamini gundi peke yake. Naomba mabaki ya vipande bapa kwa fundi wa madirisha ya alumini, upana wa milimita 15, nakata urefu wa sentimita 15 hadi 20. Wavu unalala kati ya ukingo wa nyuma wa fremu na kipande hicho, halafu nabana kwa bolti za milimita 3 kila baada ya sentimita 8 hivi, nati zikiwa zile zenye plastiki ndani zisizolegea kwa mtikisiko.

Usiweke kipande kimoja kirefu. Plastiki inatanuka kwa joto mara tatu ya alumini au zaidi, na kipande kirefu kitaipinda fremu au kuipasua kwenye matundu ya bolti. Kwa sababu hiyo hiyo, tundu la kwenye alumini litoboe pana kidogo kuliko bolti, na usikaze kwa nguvu: wavu ukiacha kucheza, inatosha. Bolti za stenlesi ziwekee wosha za plastiki. Kwa hewa ya chumvi ya Dar, stenlesi ikigusana na alumini tupu, alumini inaanza kutoka unga mweupe.

Mwisho pima nafasi. Kati ya wavu na kondensa nataka sentimita 2 kamili. Usukume wavu kwa kiganja. Ukiigusa kondensa, ongeza bolti au upinde upya.

Hatua ya 7: Rudisha na ujaribu

Rudisha shoo, washa gari na AC, liache lingurume dakika ishirini ukitazama geji ya joto. Kisha lipitishe kwenye barabara mbovu na usikilize. Baada ya wiki moja fungua boneti na uguse kila nati kwa kidole. Kwa shemeji nitapita Jumamosi hii kuzigusa mwenyewe.