Kufuatilia kesi ya viza ya familia ya Marekani ukiwa Moshi au Arusha, mwenyewe na bure

Jamani naandika hii kwa sababu mpaka leo kuna watu Moshi na Arusha wanatoa hela kwa vishoka ili waangaliziwe tu kesi ya viza imefika wapi, wakati kuangalia ni bure kabisa na unafanya mwenyewe kwenye simu. Huku kwetu hizi kesi ni nyingi, mtu kaolewa na Mmarekani aliyekuja kupanda mlima au kujitolea hospitali, mwingine kaka yake alienda zamani akapata uraia sasa anamwombea, mwingine ni mama kaombewa na mtoto. Wote wanaanza na fomu moja ya kumwombea mwanafamilia, I-130, na wote wanasubiri muda mrefu, na kwenye kusubiri huko ndo watu wanapigwa.

Cha kwanza kabisa ujue faili lako liko ofisi gani sa hivi. Kesi ya familia inapita sehemu tatu: inaanzia USCIS, yaani idara ya uhamiaji ya Marekani, inatoka hapo inaenda NVC, kituo cha viza kilichopo Portsmouth kule New Hampshire, afu inamalizikia ubalozini kwenye intavyuu. Kila hatua ina pa kuangalia pake. Wengi wanaopata presha unakuta wanaangalia sehemu ambayo faili lilishaondoka kitambo, maneno ni yaleyale miezi na miezi wanadhani kesi imekufa.

Tuanze na USCIS. Aliyekuombea akishatuma fomu na kulipia anapata barua inaitwa I-797C. Barua inaenda kwake kule, haiji Moshi, kwa hiyo mwambie aipige picha nzima akutumie WhatsApp, asikuandikie namba kwa mkono. Juu pale kuna "Receipt Number", herufi tatu zikifuatiwa na tarakimu kumi, jumla 13. Siku hizi nyingi zinaanza na IOE, na hapa tulia kidogo: ile I ni herufi siyo moja, ile O ni herufi siyo sifuri, na baada ya E ni tarakimu tupu, kwa hiyo duara lolote linalofuata ni sifuri. Usiweke vistari wala nafasi. Kuna dada mmoja wa Majengo nilimsaidia, alishaambiwa steshenari kwamba kesi yake haipo kwenye mfumo na inabidi atafute mwanasheria, kumbe walichapa sifuri mahali pa O, basi. Tulivyorekebisha ile herufi moja kesi ikafunguka palepale, na mwenzangu alikuwa ameshaanza kukopa hela ya huyo mwanasheria. Inauma. Faili za zamani utaona zinaanza na EAC, WAC, LIN au SRC, hizo ni ofisi za Vermont, California, Nebraska na Texas, zinaangaliwa vilevile.

Ukishakuwa na namba ingia egov.uscis.gov, chapa, bonyeza. Anwani lazima iishie na .gov, ukiona .com au imekuomba kadi ya benki ili uone kesi, toka. Itakuja aya fupi ya Kiingereza. "Case Was Received" maana yake wameipokea iko kwenye foleni, na inaweza kukaa na maneno hayohayo zaidi ya mwaka bila tatizo lolote, kwa hiyo kuangalia kila siku asubuhi hakusaidii kitu, mara moja kwa wiki inatosha sana. Ukiona imehamishiwa ofisi nyingine usishtuke, wanagawana kazi tu.

Maneno ya kukuamsha ni "Request for Evidence". Hapo wanadai ushahidi zaidi, labda wa ndoa, labda cheti, na barua yenye maelezo inaenda kwa aliyekuombea au kwa mwanasheria wake kama anaye. Aifungue siku hiyohiyo. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye barua, muda wenyewe hauzidi wiki 12 ukiacha siku chache za posta, na mnajibu mara moja tu, kila kitu kwa pamoja, siyo leo picha kesho cheti. Na tafadhali angalieni tarehe vizuri kwa sababu Wamarekani wanaanza na mwezi. 05/08 kwao ni tarehe 8 mwezi wa tano, wewe ukiisoma kwa mazoea ya huku utajua una mpaka mwezi wa nane, na ukichelewa wanaweza kuikataa kesi.

Kujua kama umecheleweshwa kweli au ni wasiwasi wako tu, humohumo USCIS kuna ukurasa wa muda wa kesi, egov.uscis.gov/processing-times. Chagua I-130, chagua uhusiano, chagua ofisi, inakupa muda ambao asilimia 80 ya kesi za aina hiyo zinakuwa zimekamilika. Weka na tarehe ya kupokelewa iliyoko kwenye barua, itakuambia kama umeshafika wakati wa kuruhusiwa kuulizia. Kama bado, subirini, kupiga simu hakusogezi faili. Kama tayari, aliyekuombea aulizie mwenyewe akiwa kule, kwenye mtandao au kwa simu. Ukitaka muwe wote hewani, huduma yao kwa wateja inafunguliwa saa mbili asubuhi saa za New York, ambayo huku ni saa tisa mchana majira yao ya joto na saa kumi jioni majira yao ya baridi.

Usilinganishe na jirani. Mke au mume wa raia hana foleni ya namba za viza, I-130 ikipita anaendelea mbele. Kaka au dada wa raia, kundi linaloitwa F4, hata ikipita leo bado anasubiri namba, na foleni hiyo imekuwa ya zaidi ya miaka 15. Wa namna hiyo kesi yake haifuatiliwi USCIS tena, anafuatilia Visa Bulletin, tangazo la foleni imefika wapi linalotoka kila mwezi travel.state.gov, analinganisha na "Priority Date", yaani tarehe ya nafasi yake kwenye foleni, iliyoko kwenye barua ya I-797C. Kwenye websaiti hiyohiyo soma na matangazo, kwa sababu kuna nyakati serikali yao inasimamisha viza za aina fulani au za nchi fulani, na hapo kesi inaganda bila kosa lako.

Ikishapita USCIS na zamu ikiwa imefika, NVC wanatuma imeili yenye namba mbili, namba mpya ya kesi na "Invoice ID". Ile ya IOE sasa iweke pembeni. Imeili hii mara nyingi inaangukia kwenye spamu kwa hiyo kachungulie huko. Kwa namba hizo unaingia ceac.state.gov, na humo ndo mnalipia, mnajaza DS-260 ambayo ni fomu ya maombi ya viza, mnapandisha vyeti na mnasoma meseji zao. Ada ni dola 325 ya viza kwa kila mtu na dola 120 ya fomu za mdhamini, na zinalipwa humohumo kutoka akaunti ya benki iliyoko Marekani. Hakuna M-Pesa, hakuna wakala, anayekwambia umtumie "hela ya NVC" kwenye simu ni mwizi, awe mjomba awe nani. Na usikae kimya, wakishakuarifu ukapitisha mwaka bila kuwasiliana nao kesi inaweza kufutwa, kwa hiyo hata kama vyeti havijakamilika ingia kwenye akaunti.

Baada ya intavyuu unaangalia humohumo CEAC, sehemu ya kuangalia hali ya viza. Hapa watu wanalia bure. Ukiona "Refused" na ubalozini ulipewa karatasi ya 221(g) inayodai cheti fulani au inayosema bado wanachunguza, ndivyo mfumo wao unavyoandika, kesi haijafungwa. Peleka walichoomba kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi kisha endelea kuangalia. "Issued" ndo viza imetoka.

Jambo jingine ni la aliyeko kule: akihama nyumba awaarifu USCIS mapema anwani yake mpya, la sivyo ile barua ya kudai ushahidi itaenda kwa mpangaji mpya na nyie huku mtaendelea kusubiri. Mkumbushe shemeji yetu leo.