Sweta lisibaki kwenye sanduku

Mnaotoka Unguja kwenda Moroko kwa safari ya gari na kiongozi, hasa miezi ya Disemba na Januari: baridi itakutieni adabu. Njia ya Marrakech kwenda jangwani hupita Tizi n'Tichka, njia ya juu ya milima ya Atlas, mita 2,260 hivi juu ya bahari, kona juu ya kona. Kaa mbele, na usishibe sana. Merzouga, kijiji cha ukingoni mwa jangwa, mchana jua, usiku meno yanagongana. Ngamia wa kwenda kulala jangwani unampanda na begi dogo tu, sweta litie humo mapema. Langu lilibaki garini, nikalala nimejigubika kikoi mpaka masikioni. Mji wa Fez haukunisumbua, vichochoro kama vya Mji Mkongwe. Ukisikia "balak!" ndiyo simile yao: jibanze ukutani, nyumbu apite na mzigo.